Uvimbe wa mbwa hauhukumiwi kwa kidole

Kuna hoja inayozunguka miongoni mwa wafugaji wa mbwa, kwenye maduka ya dawa za mifugo na hata katika baadhi ya vyumba vya matibabu, na wengi wenu mmeisikia hadi mmeizoea. Inasema hivi: kivimbe laini chenye maji kwenye ngozi ya mbwa ni jambo dogo, kinatambulika kwa jicho na kidole, kinakamuliwa au kinaachwa, na kumpeleka mbwa kwenye vipimo ni kutupa fedha. Wanaoitetea hutaja mfano wa kifuko cha tezi ya jasho, uvimbe usioonekana mara nyingi na usiomdhuru mbwa. Mfano huo ni wa kweli. Ninachokipinga ni hitimisho wanalolijenga juu yake, na ninawaomba mlipime kama mahakimu, dai moja baada ya jingine.

Kwanza yale tusiyobishania. Mbwa ana tezi za jasho karibu kila mahali penye manyoya. Ni tezi za aina ya apokrini, na ute wake humwagika ndani ya kitundu cha unywele. Zile za ekrini, ambazo ndizo zinazomtoa binadamu jasho mwili mzima, kwa mbwa ziko kwenye nyayo tu. Mrija wa tezi ya apokrini ukiziba au ukitanuka, ute hujikusanya na kifuko hutokea, mara nyingi kichwani au shingoni, kwa mbwa wa umri wa kati au mzee. Kipenyo chake huanzia nusu sentimita hadi sentimita chache. Ngozi iliyokifunika ni nyembamba, huenda imenyonyoka manyoya, na rangi yake huelekea buluu. Ipo pia sura ya pili, vifuko vingi vilivyosongamana eneo moja. Sura zote mbili si saratani. Swali linalobaki ni moja: utajuaje kwamba kilichopo mbele yako ndicho hicho?

Dai la kwanza linajibu kwamba kidole kinatosha. Kivimbe kikiwa laini, kikiteleza chini ya ngozi na kisipomuuma mbwa, basi hakina madhara. Tulitendee haki dai hili. Ni kweli kwamba vifuko vingi na uvimbe mwingi wa mafuta, yaani lipoma, huwa hivyo, na ni kweli kwamba uvimbe mgumu, ulionata kwenye nyama au uliochimbika kidonda unatia shaka zaidi. Daktari anayepapasa kwa makini anafanya kazi inayopasa kufanywa. Lakini ulaini, kuteleza na kutouma ni habari za umbo. Ubaya wa uvimbe uko kwenye seli, na kidole hakigusi seli. Uvimbe wa seli masti, mojawapo ya saratani za ngozi zinazompata mbwa mara nyingi, unaweza kukaa chini ya ngozi ukiwa laini kama lipoma, ukiteleza, bila kumuuma, kwa miezi. Katika tafiti zilizochapishwa, uvimbe huo ni kati ya asilimia 16 na 21 ya uvimbe wote wa ngozi ya mbwa. Boksa, Labrador na pagi huupata zaidi ya wengine. Waswahili walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anayetoa hukumu kwa kupapasa ameishia mlangoni.

Hapo hujibiwa kwamba daktari mzoefu hahitaji kipimo, ameshaona mamia. Uzoefu una thamani kubwa. Unamsaidia daktari kuchagua pa kuchoma sindano, kutambua uvimbe unaobadilika na kujua lipi ni la haraka. Lakini daktari aliyeona mamia bila kupima hata kimoja hana mamia ya ushahidi. Ana mamia ya makisio ambayo hayakuwahi kusahihishwa. Uzoefu hujengwa pale makisio ya asubuhi yanapokutana na jibu la maabara baadaye, na aliyekataa maabara tangu mwanzo amejinyima shule hiyo.

Dai la pili linatoka upande wa pili wa barabara, na nalitaja kwa sababu kosa lake ni lile lile. Linasema kivimbe cha buluu au cheusi ni saratani ya melanoma, na mbwa afanyiwe upasuaji mkubwa au alazwe usingizi wa milele. Ni kweli kwamba mbwa hupata melanoma, na ni kweli kwamba ile ya mdomoni na ya kwenye mzizi wa ukucha huwa kali. Ila uvimbe wa seli za rangi unaoota kwenye ngozi yenye manyoya, mara nyingi, si saratani. Na ubuluu wa kifuko cha tezi ya jasho hautokani na seli za rangi hata kidogo. Unatokana na maji yaliyo chini ya ngozi nyembamba, na wakati mwingine na ute uliogeuka kahawia. Pimeni madai haya mawili kwa pamoja. Mmoja anamwacha mbwa mwenye saratani bila tiba kwa kuwa uvimbe ulikuwa laini, na mwenzake anamuua mbwa mzima kwa kuwa uvimbe ulikuwa na rangi ya kutisha. Wanapingana katika hukumu na wanakubaliana katika njia, kwani wote wawili wamekubali ngozi itoe ushahidi ambao haina.

Dai la tatu ndilo linaloumiza mbwa wengi zaidi: kikamue, au kitoboe kwa wembe, maji yakitoka kazi imekwisha. Mvuto wake unaeleweka, kwa kuwa mwenye mbwa anaona kwa macho yake uvimbe ukinywea. Lakini alichokiona ni maji kutoka. Ukuta unaotengeneza maji hayo umebaki pale pale, na kwa kuwa kazi yake ni kutoa ute, kifuko hujaa tena. Hiyo ni pale ambapo bahati imekuwa njema na kivimbe kweli kilikuwa cha tezi ya jasho. Je, kama sicho?

Kifuko kinachoonekana mara nyingi zaidi kwa mbwa ni cha kitundu cha unywele, na ndani yake hamna maji. Kuna keratini, uji mzito wa kijivu ambao wengi huudhania mafuta. Ukikikamua, kinaweza kupasukia ndani. Mwili huipokea keratini iliyomwagika kama kitu kigeni na kuishambulia, na kivimbe kilichokuwa kimetulia kinageuka donda la wiki kadhaa. Kama ni uvimbe wa seli masti, kuuminya hufungulia histamini na kemikali nyingine zilizohifadhiwa kwenye chembechembe za seli hizo. Ngozi huvimba na kuwa nyekundu, damu inaweza kugoma kuganda, na ikizidi mbwa hutapika na shinikizo la damu kushuka. Katika maeneo yetu kuna pia jambo la tatu: kivimbe chenye kitundu juu yake kinaweza kuwa na buu wa nzi yule anayetaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo zenye unyevu. Buu huyo hutolewa mzima, akipasukia ndani ya ngozi huleta uvimbe mbaya zaidi.

Jambo la nne ni la mbwa aina ya Ridgeback, ambao asili yao ni kusini mwa Afrika na ambao wanafugwa sana kwa ulinzi. Baadhi yao huzaliwa na mrija unaotoka kwenye ngozi ya mstari wa mgongo kwenda chini, na wakati mwingine mrija huo hufika hadi kwenye utando wa uti wa mgongo. Juu kinaonekana kivimbe au kitundu chenye kishungi cha nywele. Kukikamua au kukitoboa ni kuwaonyesha bakteria njia ya kwenda kwenye mishipa ya fahamu. Mtetezi wa kukamua hana namna ya kutofautisha hali hizi nne kabla ya kuminya, na baada ya kuminya amechelewa.

Dai la nne linasema sindano ya daktari inaamsha saratani na kuisambaza, kwa hiyo uvimbe usiguswe. Hofu hii ina mzizi wa kweli. Imethibitishwa kwamba saratani ya kibofu cha mkojo ya mbwa inaweza kuota kwenye njia ya sindano iliyopita tumboni, na ndiyo maana madaktari huepuka kuichoma kwa njia hiyo. Lakini anayeichukua tahadhari ya kibofu na kuipandikiza kwenye kila kivimbe cha ngozi amepanua ushahidi kuliko unavyoruhusu. Kwa uvimbe wa ngozi, jambo hilo ni nadra mno, na kama uvimbe ni mbaya, njia ya sindano hukatwa pamoja nao wakati wa upasuaji. Angalieni sasa mgongano ulio wazi. Mara nyingi ni watu wale wale wanaosema sindano safi ya daktari ni hatari na wembe wa nyumbani ni salama. Kama kitundu cha sindano nyembamba kinasambaza saratani, mkato wa wembe na vidole viwili vinavyominya vingefanya nini? Hawawezi kuyashika yote mawili.

Ni vyema mjue kinachofanyika, maana hofu nyingi zinatokana na kutokuona. Daktari husafisha ngozi, hushika uvimbe kwa vidole viwili, na kuingiza sindano ya geji 22 iliyofungwa kwenye bomba la mililita 5. Mbwa wengi hawahitaji dawa ya usingizi. Kama ni kifuko cha tezi ya jasho, bomba hupokea maji angavu, pengine ya kahawia hafifu, na uvimbe hunywea chini ya kidole. Tone huwekwa kwenye slaidi, hutandazwa, hukaushwa kwa hewa na kutiwa rangi ya Giemsa. Chini ya hadubini uwanja unakuwa karibu mtupu, na seli walaji chache zenye povu ndani yake. Kama ni keratini, slaidi hujaa magamba ya ngozi yasiyo na kiini. Kama ni lipoma, huonekana matone ya mafuta. Kama ni seli masti, slaidi hujaa seli za mviringo zilizosheheni chembechembe za zambarau, na mabishano huishia hapo. Kazi yote ni ya dakika chache.

Dai la tano ndilo zito kuliko yote, na linastahili muda wenu, kwa sababu linatolewa na watu waliokubali sindano. Wanasema: maji yametoka masafi, slaidi ni tupu, basi ni kifuko tu na kesi ifungwe. Sehemu kubwa ya hoja hii ni sahihi. Maji angavu yenye seli chache yanaendana kabisa na kifuko cha tezi ya jasho, na kwa mbwa mzee mwenye kivimbe cha buluu kichwani kilichonywea chote, ni halali kuamua kukiangalia bila kukikata. Kosa limo katika neno “basi”. Sindano imechukua maji, na haikuchukua ukuta. Adenoma ya tezi hiyo hiyo, ambayo nayo si saratani, inaweza kuwa na vyumba vya maji. Saratani ya tezi hiyo nayo inaweza kuwa na sehemu yenye maji, na sindano ikiangukia hapo italeta maji yale yale. Slaidi tupu haisemi kwamba seli mbaya hazipo. Inasema hazikuingia kwenye sindano.

Tofauti inapatikana kwenye ukuta, na ukuta husomwa na mpatholojia. Katika kifuko halisi ataona safu moja au mbili za seli zilizojipanga vizuri, zikielekeza ncha zake kwenye uwazi wa kifuko. Katika adenoma ataona mikunjo inayochomoza ndani na kuta zinazougawa uwazi huo. Katika saratani ataona seli zisizofanana, zinazogawanyika ovyo, zilizovunja mpaka wake na kuingia kwenye nyama ya jirani au kwenye mishipa ya limfu. Hakuna maji yanayoweza kuyasema haya. Kwa hiyo slaidi tupu inatoa ruhusa ya kusubiri kwa masharti. Kwanza, maji yazungushwe kwenye mashine ili mashapo yake yasomwe. Pili, uvimbe upapaswe tena baada ya kunyonywa. Ikibaki nyama ngumu chini yake, hiyo nyama ichomwe nayo. Tatu, ukubwa na tarehe viandikwe, na kivimbe kinachorudi kwa kasi, kinachopata ugumu au kinachotoa damu kikatwe na kupelekwa maabara.

Kuna mahali pamoja ambapo hata masharti haya hayatoshi, nako ni pembeni mwa tundu la haja kubwa. Mbwa ana vifuko viwili vya asili hapo, vyenye tezi za apokrini kwenye kuta zake. Saratani ya tezi hizo huanza kama kinundu kidogo na inaweza kufika kwenye mitoki ya ndani ya nyonga kinundu kikiwa bado kidogo. Kwa baadhi ya wagonjwa, kiwango cha kalsiamu katika damu hupanda, na mbwa huanza kunywa maji na kukojoa kupita kawaida. Tezi ni za ukoo ule ule unaotoa kifuko kisicho na madhara kichwani. Anayesema “hizo tezi hazina neno” bila kuuliza ziko wapi hajalijua somo lake.

Dai la sita ni la dawa kwanza: apigwe antibiotiki, tukiona hakuna nafuu tutapima. Linasikika kama tahadhari. Lakini antibiotiki inaua bakteria, na kifuko cha tezi ya jasho hakina bakteria wa kuuawa. Kama ni jipu, sindano ingeleta usaha na ungejua siku hiyo hiyo. Mbaya zaidi ni pale sindano ya antibiotiki inapoambatanishwa na prednisoloni, dawa ya steroidi. Dawa hiyo inaweza kupunguza uvimbe wa seli masti na saratani ya limfu kwa muda. Mwenye mbwa anafurahi, daktari anaamini amepatia, na saratani inaendelea huku slaidi itakayochukuliwa baadaye ikiwa ngumu zaidi kusomeka. Wanaotuambia tungoje tuone wameshabadilisha kile tutakachokiona.

Dai la saba ni gharama, na silichukulii kwa wepesi, kwa kuwa fedha ni kitu halisi na wengi wanaofuga mbwa si matajiri. Linasema: kama ni lazima, kikatwe tu na kutupwa, kupeleka nyama ya mbwa maabara ni anasa. Tuanze na sindano. Giemsa ni rangi ile ile inayotumika kutafuta vimelea vya malaria kwa watu na babesia kwa mifugo. Hadubini ni ile ile. Slaidi, sindano na bomba ni vitu vya kila siku. Sehemu ya kwanza ya uchunguzi haihitaji kifaa kipya hata kimoja. Kwa upande wa nyama iliyokatwa, kinachohitajika ni chupa, formalini ya asilimia 10 yenye ujazo mara kumi ya kipande chenyewe, na namna ya kukifikisha kwa mpatholojia wa mifugo. Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete na Makerere huko Kampala vyote vinafundisha patholojia ya mifugo.

Halafu linganisheni gharama ya kutopima. Kifuko hukatwa kwa mkato mdogo na mbwa anapona moja kwa moja. Uvimbe wa seli masti kwa kawaida hukatwa pamoja na sentimita 2 hadi 3 za ngozi nzima pande zote na tabaka zima la chini yake. Uvimbe wa kuambukizana kwa kujamiiana, unaowapata mbwa wanaozurura mitaani na ambao wakati mwingine huota kwenye ngozi, kwa kawaida haukatwi kabisa, hutibiwa kwa sindano ya dawa ya saratani iitwayo vinkristini kila wiki kwa wiki kadhaa, na wengi hupona. Histiositoma, uvimbe mwingine wa ngozi unaompata mbwa mchanga, mara nyingi hupotea wenyewe ndani ya miezi michache. Majibu manne, tiba nne tofauti kabisa. Anayekata kabla ya kujua amechagua mojawapo kwa kubahatisha, na akikosea atalipia upasuaji wa pili katika kovu, ambapo mipaka ya saratani haionekani tena. Na nyama ikishatupwa jalalani, hakuna fedha itakayonunua jibu lake.

Limebaki dai la mwisho, kwamba vifuko hivi ni nadra, kwa hiyo hakuna haja ya kusumbuka kuvitambua. Liwekeni kando ya dai la kwanza. Kule tuliambiwa kila kivimbe laini ni kifuko kisicho na neno, kana kwamba vimejaa kila nyumba. Hapa tunaambiwa havionekani. Kama ni nadra, basi kivimbe kilichopo mbele yako kina uwezekano mkubwa wa kuwa kitu kingine, na kukiita kifuko bila kupima ni kuchagua jibu lenye nafasi ndogo ya kuwa sahihi. Unadra ni sababu ya kudai ushahidi zaidi.

Hukumu ni yenu, na mnaweza kuitekeleza wiki hii. Kivimbe kinachozidi sentimita 1, au kilichokaa mwezi mzima, kichomwe sindano. Ndiyo kanuni aliyoieneza Sue Ettinger, daktari wa saratani za wanyama wa Marekani, na haihitaji hospitali ya Marekani kuifuata. Slaidi isomwe kabla ya dawa yoyote na kabla ya kisu chochote. Kila kinachokatwa kiingie kwenye formalini, na jibu lije kwa maandishi. Mtu akikwambia uvimbe wa mbwa wako hauna madhara, mwulize ameliona wapi hilo. Akijibu kwamba ameliona kwenye slaidi, msikilize. Akijibu kwamba amelipapasa, mpeleke mbwa wako kwa mwingine.